Barua ya wazi kwa NCAA: mtoto wa mama mkubwa ni kaka

Kwa Bwana Charlie Baker, Rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani,
na wajumbe wa kamati za Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la vyuo hivyo,
Indianapolis, Indiana.

Mabibi na mabwana,

Hamjambo? Kwetu barua haianzi na shida, huanza na salamu, kwa hiyo nimesalimu.

Miaka tisa iliyopita, nilipoomba kuhama chuo ili nimuuguze kaka yangu, nilijieleza kwa Kiingereza mbele ya watu watatu waliokuwa wakitekeleza kanuni zenu, nikatoka nimeitwa mwongo kwa adabu. Safari hii naandika kwa Kiswahili, na mkalimani mtamtafuta nyinyi. Sisi tumewatafutia kanuni zenu wakalimani kwa karibu miaka hamsini. Mwaka 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State kutoka Nandi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Baada yake akaja Suleiman Nyambui wa Tanzania pale El Paso, akawachukulia taji la mita 10,000 miaka minne mfululizo. Edward Cheserek akamaliza Oregon na mataji 17. Kwa hiyo hatujuani jana. Mnajua tunakotoka, na makocha wenu wanajua hata hoteli ya kulala wakifika Iten, mji wetu wa wakimbiaji.

Mimi sikuwa Cheserek. Nilikuwa mkimbiaji wa tatu katika timu ya mbio za nyika ya wasichana, na katika nyika wanahesabiwa watano wa kwanza, kwa hiyo wa tatu si wa kuachwa nyuma wala si wa kupigwa picha. Leo ni muuguzi mjini Dallas, na nyingi ya mbio zangu ni za korido.

Nilizaliwa Keiyo. Mama aliponifariki nilikuwa darasa la tatu, na dada yake mkubwa akanichukua siku hiyo hiyo, kabla hata ya matanga kwisha. Hakuna aliyekaa kikao. Aliniambia nikusanye sare zangu za shule, nikahamia kwake, nikalala chumba kimoja na mwanawe aliyenizidi miaka kumi na mmoja. Huyo mwanawe ndiye aliyenifundisha kukamua ng'ombe, ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha tatu na cha nne kwa pesa za kuendesha matatu, na ndiye aliyetangulia Marekani, akawa dereva wa malori. Mwaka 2013 nilipopata ufadhili wa mbio katika chuo cha miaka miwili, nusu ya nauli ya ndege ilitoka kwake. Nusu nyingine ilikuwa ng'ombe wa mama mkubwa. Mwaka 2015 nikahamia chuo kikuu cha Divisheni ya Kwanza, katika jimbo jirani na Texas, nikaanza kusomea uuguzi.

Mwaka uliofuata figo za kaka zikafa. Kila wiki mara tatu alilazwa kwenye kiti karibu saa nne nzima, damu yake ikitoka, ikisafishwa, ikirudi. Lori hakuliendesha tena. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka 2014, na nyumbani kulikuwa na watoto wawili, wa kwanza ana miaka saba, wa pili mitatu. Majirani Wakenya walisaidia kadiri walivyoweza, lakini jirani naye ana zamu zake. Mama mkubwa akanipigia simu. Hakunilaumu wala hakuniomba. Aliniuliza tu, "Huko uliko ni mbali na kwake?" Nikamwambia ni saa tisa kwa basi. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama huku mvua imenyesha.

Mliowahi kupigiwa simu ya namna hiyo mnajua nilichoelewa.

Nikatafuta chuo karibu na Dallas. Nilikipata, na kocha wa huko alikuwa tayari kunipokea. Kwa riadha, kanuni zenu za wakati huo ziliruhusu mtu kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, mradi chuo anachotoka kimpe kibali. Sharti hilo ndilo lililonimaliza. Kocha wangu alikataa. Alisema mashindano ya kanda yanakaribia na wa tatu wake hawezi kumwachilia hivi hivi. Sikumchukia, maana ajira yake ilikuwa inategemea miguu yetu. Niliyetaka kumuuliza swali ni yule aliyempa kocha mamlaka ya kuamua nimuuguze nani.

Mlikuwa mmeweka njia ya rufaa, kamati ya chuo isiyo ya watu wa michezo. Nikajaza fomu. Kulikuwa na kisanduku kidogo kilichouliza uhusiano wangu na mgonjwa. Nikaandika neno moja: kaka.

Nakumbuka chumba kile vizuri kuliko mbio zangu nyingi. Meza ndefu, chupa za maji ambazo hazikufunguliwa, mapazia yaliyoshushwa ingawa nje kulikuwa na jua zuri. Mama mmoja mwenye miwani ya kamba alikuwa na fomu yangu na karatasi za hospitali ya kaka, akazilaza bega kwa bega.

"Majina yenu hayafanani," akasema.

Nikamweleza kwamba Wakalenjin wengi hatuna jina la ukoo analobeba kila mtoto. Mmoja amezaliwa mvua ikinyesha, mwingine ng'ombe wakirudi jioni, na kila mmoja anaitwa kwa saa yake. Hata na ndugu niliyechangia naye tumbo majina hayafanani. Akaandika kitu.

"Baba yenu ni mmoja?"

"Hapana."

"Mama?"

Hapo nikasita, na kusita kwangu ndiko kulikoniponza. Kwa sababu jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Aliyenizaa ni mmoja na aliyenilea ni mwingine, na wote wawili naita mama. Nikasema, "Mama yake ni mama mkubwa wangu." Wakatazamana. Yule bwana wa pembeni akatabasamu kama mtu aliyesaidia kutegua kitendawili, akasema kumbe ni binamu yangu tu.

Ngoja niwaeleze, maana huenda hakuna aliyewahi kuwaeleza. Kiswahili kina neno binamu, na lina kazi yake. Binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Mtoto wa mama mkubwa, wa mama mdogo, wa baba mkubwa au wa baba mdogo si binamu, ni ndugu yako. Ukimwita binamu mbele ya wazee utaulizwa umefundishwa wapi. Neno lenyewe linakuambia: mama *mkubwa*. Yule aliyekuzaa akiondoka, hakuna pengo la kisheria la kujazwa, maana mama mwingine alikuwepo tangu mwanzo. Niliwapelekea barua ya chifu kuthibitisha nilikolelewa, mhuri wake umelowa wino hadi nyuma ya karatasi. Waliiweka chini kabisa ya faili.

Jibu lilikuja baada ya siku chache, mistari minne. Mgonjwa hakuwa mtu wa familia yangu ya karibu. Kibali kimekataliwa. Naweza kuhama nikitaka, ila kule niendako sitashindana mwaka mmoja, na mwaka huo sitapewa ufadhili wowote wa michezo.

Kwa Mmarekani huo ni mwaka mgumu. Kwa aliyekuja na visa ya mwanafunzi huo ni ukuta. Visa ile hairuhusu kazi nje ya chuo bila kibali maalumu, na ndani ya chuo haizidi saa ishirini kwa wiki wakati wa masomo. Karo ya mwanafunzi wa kigeni haiwezi kulipwa kwa saa ishirini za kupanga vitabu maktabani. Nikabaki. Ijumaa usiku nikawa napanda basi, nafika Jumamosi asubuhi, naosha nguo za watoto, napika ugali wa siku tatu, Jumapili jioni narudi. Nilifanya hivyo kila nilipopata nauli. Kwenye mashindano ya kanda nilimaliza wa arobaini na kitu, na kocha akaniuliza kama nalala vizuri.

Kaka alifariki Februari 2017. Hapo lazima niwape haki yenu: chuo kililipa nauli yangu ya kwenda mazishini, na kanuni zenu ziliruhusu. Nashukuru kwa hilo. Lakini tazameni mpangilio wake. Kwenda kumzika huyu asiye ndugu yangu kuliruhusiwa. Kumuuguza ndiko kulikokuwa na shida.

Najua mtakachosema. Mtasema hayo ni ya zamani, na ni kweli mengi yamebadilika. Oktoba 2018 mlifungua lile lango la uhamisho, na tangu hapo mwanariadha anatoa taarifa tu, kocha hana tena uwezo wa kumzuia asizungumze na chuo kingine. Mwaka 2021 mliruhusu wanariadha wa michezo yote kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Aprili 2024 mkaondoa hesabu kabisa, mtu ahame mara ngapi atakazo. Hilo la mwisho hamkulifanya kwa huruma. Desemba 2023 majimbo saba, Ohio mbele, yalikuwa yamewashtaki, na Jaji John Preston Bailey kule West Virginia akawasimamisha. Siwalaumu kwa kushindwa kesi. Nawakumbusha tu ili tusiandikiane kana kwamba mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba.

Sasa kuhama ni rahisi kwa aliye mzima. Mchezaji anayetaka pesa zaidi, kocha mwingine, bahari au theluji, anahama. Ila mliweka sharti moja linaloonekana jepesi: awe amefaulu masomo yake. Na hapo ndipo aliyefiwa anapokwama, maana msiba hauanzi kwa kula misuli. Huanza na daftari.

Napigiwa simu nyingi na watoto wa kwetu walioko vyuoni, kwa sababu wanajua mimi ni muuguzi na wanadhani muuguzi anajua kila kitu. Mmoja alinipigia mwaka huu, kijana wa mwaka wa pili. Baba yake alikuwa ameugua tangu Januari na akafariki Machi. Kijana alikwenda kuzika, akakaa wiki tatu, akarudi katikati ya muhula akiwa na mitihani miwili iliyompita na maabara ambayo hairudiwi. Akaanguka masomo mawili. Pale chuoni alikuwa Mkenya peke yake, na dada yake yuko Minnesota. Kulikuwa na kocha wa huko aliyemtaka. Akahesabiwa asilimia za shahada: kanuni yenu inataka anayeingia mwaka wa tatu awe amekamilisha 40 kwa mia ya masomo ya shahada yake. Hakufika. Kuhama anaweza, kushindana hawezi, na kocha gani atatoa ufadhili kwa asiyeshindana?

Akaomba asamehewe sharti hilo. Akaambiwa alete hati za matibabu za baba yake, zilizoandikwa wakati ule ule wa ugonjwa. Akamwomba mdogo wake nyumbani apige picha ya zilizopo. Nilitumiwa picha hizo, ninazo kwenye simu hadi leo. Ni daftari la shule la kurasa 32, la aina ile yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Katika zahanati zetu nyingi mgonjwa hutembea na daftari lake, na kila anapokwenda daktari anaandika humo. Ndani kuna mwandiko wa watu watano tofauti, presha, uzito, dawa, na ukurasa wa mwisho una maneno mawili ya kumpeleka hospitali kubwa. Mimi nikiwa muuguzi naweza kuwasomea ugonjwa ule siku kwa siku kuliko faili nyingi za kompyuta ninazozifungua kazini. Lakini halina nembo, halina namba ya faksi. Ofisi ya kanuni ya chuo chake ilimwambia karatasi hizo haziwezi kutumwa Indianapolis. Sijui kama zingekataliwa. Najua hazikufika.

Alibaki. Anajikaza.

Kisha kuna dirisha. Wasomaji wangu wa nyumbani wanaofuata kandanda wanalijua neno hilo, dirisha la usajili. Nyinyi pia mna madirisha yenu, wiki chache tu katika mwaka ambazo mwanariadha anaweza kutoa taarifa ya kuhama. Nje ya hapo, hadi lifunguliwe tena. Ninaelewa kwa nini makocha waliyataka. Ila ugonjwa wa mzazi hausomi kalenda ya msimu wa nyika.

Na juu ya yote kuna saa ya miaka mitano. Mwanafunzi wa Divisheni ya Kwanza ana miaka mitano ya kushindana misimu minne, na saa inaanza kutembea siku anayojiandikisha chuo chochote. Akirudi nyumbani muhula mmoja kumuuguza mama, saa inatembea. Ili mmwongezee mwaka, kwa kawaida mnataka awe amepoteza misimu miwili kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Kwa hiyo binti anayefikiria kuomba likizo ya masomo anapiga hesabu ya ajabu: mama akiugua mwaka mmoja nitapoteza, akiugua miwili nitarudishiwa.

Turudi kwa neno familia, maana silianzishi mimi. Mwaka 2023 mlimkataza Tez Walker wa chuo kikuu cha North Carolina kucheza. Alikuwa amehama ili awe karibu na nyanya yake aliyemlea, mgonjwa, ambaye hakuwahi kumwona akicheza chuoni. Nyanya. Aliyemlea! Kocha wake, Mack Brown, akatangaza hadharani kwamba ni aibu kwenu. Magazeti yakawaka, na Oktoba, msimu ukiwa umeshaanza, mkasema mmepokea maelezo mapya mkamruhusu. Miaka kumi kabla yake Kerwin Okoro alimzika baba na kaka ndani ya muda mfupi, akahama kutoka chuo cha Iowa State kwenda Rutgers awe karibu na mama yake kule New York. Kwanza mkakataa, watu wakapiga kelele, mkakubali. Katikati yao, mwaka 2019, kulikuwa na Brock Hoffman, aliyetaka kuwa karibu na mama yake aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo. Mwongozo wenu ulizungumzia maili 100 kutoka nyumbani, yaani kilomita 160. Virginia Tech, chuo alichohamia, iko maili 105. Hilo likawa miongoni mwa sababu alizopewa, pamoja na kwamba mama alikuwa anaendelea vizuri, na akakaa nje msimu ule.

Maili tano. Mama mkubwa aliposimuliwa hiyo alicheka, kisha akauliza kama walimpimia kwa kamba.

Hao watatu ni wachezaji wa kandanda ya Marekani na mpira wa kikapu, michezo inayoonyeshwa kwenye televisheni. Wawili walirudishiwa haki yao baada ya nchi nzima kusikia. Sasa niambieni nani atapiga kelele kwa ajili ya mkimbiaji wa mita 10,000, mbio zinazokimbiwa usiku mbele ya viti vitupu na wazazi wawili wenye blanketi? Huruma inayosubiri gazeti haitamfikia. Na ukichora duara la maili 100 kuzunguka nyumba yake iliyoko Kapsabet, halitagusa chuo chenu hata kimoja.

Najua pia kwamba wapo waliowadanganya. Nyanya wengi wazima waliugua ghafla msimu wa uhamisho, na mimi mwenyewe namjua mtu aliyemzika mjomba mmoja mara mbili. Sidai mwamini kila barua. Nadai mpime kitu kinachopimika. Wodini kwetu, mgonjwa anapotoka hospitali, hatumuulizi kama anayemchukua wamechangia tumbo. Tunamuuliza: nani atakupeleka nyumbani, nani atakupa dawa saa mbili usiku? Akimtaja jirani, tunamfundisha jirani kupima sukari. Hospitali ni mahali pa sheria kali kuliko uwanja wa riadha, na bado tumeweza.

Fanyeni hivyo hivyo. Kile kisanduku kiulize nani alikulea na nani unamtunza, kisha mkubali ushahidi unaotoka mahali mtu anapotoka: barua ya chifu, hati ya kiapo ya mwanasheria, kibali cha mazishi, daftari la zahanati. Makocha wenu wanaotua Eldoret kila mwaka wanaweza kuwaambia chifu ni nani. Aliyefiwa au anayeuguza asifungwe na dirisha. Muhula ule mmoja wa msiba uondolewe kwenye hesabu ya asilimia, kama vile mnavyomwondolea msimu aliyevunjika mguu, na saa ya miaka mitano isimame muhula huo huo. Si lazima apoteze miwili. Na jibu litoke kabla ya msimu kuanza, kwa sababu ruhusa ya Oktoba kwa mashindano ya Septemba ni salamu za rambirambi tu.

Haya nayasema sasa kwa sababu nasikia upepo unageuka. Tangu Julai 2025 kuna muswada Bungeni Washington, wanauita SCORE, unaotaka kuwapa kinga dhidi ya kesi na kuwarudishia mamlaka ya kuweka mipaka ya kuhama. Huenda mipaka inahitajika. Nimeona vijana wanaohama kila mwaka wakamaliza ujana bila shahada, na hilo nalo linaniuma. Ila mipaka ikirudi, maombi ya msamaha yatarudi nayo, na kisanduku kile kitarudi mezani pamoja na mapazia yaliyoshushwa. Kinga mtakayopewa itamaanisha hakuna Jaji Bailey wa kuwasahihisha. Ndiyo maana naomba lile neno lirekebishwe kabla, mkiwa bado mnalazimika kusikiliza.

Mimi sina cha kudai tena. Misimu yangu imekwisha, goti la kushoto linanikumbusha kila ngazi.

Lakini wale watoto wawili wa kaka waliachwa, na nilipomaliza chuo nikaja kukaa nao hapa Dallas. Kwa Kiswahili mimi ni shangazi yao. Yule mkubwa ana miaka kumi na sita sasa. Amerithi mapaja ya baba yake, na tangu mwaka jana anakimbia maili moja kwa muda ambao umeanza kuleta barua za makocha kwenye sanduku letu la posta. Mwakani atajisajili kwenye kituo chenu cha kuthibitisha wanariadha. Juzi usiku alikuwa mezani akijaribu fomu ya mfano aliyopewa shuleni, kalamu mdomoni, akafika mahali akanyanyua kichwa.

"Shangazi, hapa kwenye mzazi niandike nini?"

Nilikuwa nakaanga sukuma wiki. Nilimwambia aliache wazi kwanza, ninawaandikia barua.

Wenu,
Mkimbiaji wa tatu,
Dallas, Texas